Mdomo wa Bata: Bendi Moja, Majina Manne

Najua nimekuwa kimya, lakini sababu mnaijua: niko Issuna kwa mazoezi ya kufundisha, wiki ya tano sasa. Mchana niko darasani na historia ya kidato cha pili na cha tatu, jioni naandika maandalio ya somo, usiku nalala mapema kama kuku wa Singida. Leo maandalio nimeyaweka pembeni. Nataka tuongee habari za saksafoni. Ndiyo, ule mdomo wa bata.

Chanzo chake ni rafiki yangu mmoja anayesoma muziki, ambaye alinitumia rekodi za kundi linaloitwa Raschèr. Watu wanne, wote wanapuliza saksafoni, basi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna mwimbaji. Nilipomuuliza hii ni nini akanijibu kwamba hiyo ni kwaya ya midomo ya bata: mmoja sauti ya kwanza, mwingine alto, mwingine tena, mwingine besi. Nikaona bora nitafute historia yao. Nilipoipata ikanirudisha moja kwa moja kwenye bendi ya hapa kwetu, ile iliyozaliwa ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Nimezilinganisha historia hizi mbili wiki nzima, na kuna jambo moja linanikera. Ngoja nilieleze taratibu.

Chombo chenyewe kilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyepata hati ya kukimiliki mjini Paris mwaka 1846. Alikusudia kitumike zaidi kwenye bendi za jeshi, manake kina nguvu ya tarumbeta na ulaini wa zumari. Wenzake waliokuwa wakitengeneza vyombo walimshitaki miaka nenda miaka rudi kuipinga ile hati yake, na mzee wa watu akafilisika zaidi ya mara moja. Yaani kesi ya nani mwenye mali ilianza na saksafoni yenyewe. Kundi la saksafoni nne nalo si jambo jipya: Mfaransa Marcel Mule aliunda lake mwaka 1928 na wenzake wa bendi ya jeshi, na mwaka 1932 Mrusi Glazunov akalitungia muziki ambao mpaka leo unapigwa.

Sasa hawa Raschèr. Sigurd Raschèr alikuwa Mjerumani aliyeondoka kwao mwaka 1933, wakati wa Hitler, akaishia Marekani. Mwaka 1969, akiwa na miaka zaidi ya 60, akaunda kundi na binti yake Carina, pamoja na Bruce Weinberger na Linda Bangs. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mzee alijitoa, akaingia mwingine. Linda akaondoka, akaingia mwingine. Carina naye akaondoka baada ya miaka zaidi ya 30. Sigurd alifariki mwaka 2001. Kundi lipo, jina ni lile lile. Na kwa muda wote huo watunzi wamewaandikia kazi zaidi ya 300: Xenakis aliwaandikia moja mwaka 1987, Philip Glass akawaandikia mwaka 1995. Kila kazi ipo kwenye karatasi. Mtu wa miaka 50 ijayo ataifungua na kuipuliza.

Kwa hiyo pale watu wamebadilika na jina limebaki. Hapa kwetu kilichobadilika ni jina.

Hatukuletewa saksafoni ikiwa peke yake. Ilifuata njia iliyokwisha kufyekwa na matarumbeta ya wakoloni. Kwenye pwani ya Kenya, kuanzia miaka ya 1890, vijana waliona bendi za jeshi na za misheni wakaanzisha ngoma ya beni: magwaride, vyeo, sare, na matarumbeta pale walipoyapata. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza beni ilienea Tanganyika kwa miguu ya askari na makarani, wamegawanyika Marini na Arinoti, kila upande ukijiona bora kuliko wenzake. (Mnaosoma historia mtakumbuka kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975. Kama hujakisoma, kiombe maktaba, usisubiri desa.) Ule ushindani wa pande mbili ushikeni kichwani, utarudi.

Kutoka beni tukaingia dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Salum Abdallah naye akaunda bendi yake hapo hapo Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1940, ile tunayoijua kwa jina la Cuban Marimba. Mwanafunzi wangu mmoja kaniuliza kwa nini zote zinaitwa jazz wakati hawapigi jazz ya Wamarekani. Swali zuri sana, nikamwambia neno lenyewe lilikuwa la kisasa, kama leo duka la chipsi linavyoitwa la kimataifa. Muziki hasa uliowakamata ulikuwa wa Cuba, uliofika kwenye santuri, na kwenye muziki ule vyombo vya kupuliza vinajibizana na mwimbaji.

Twende 1964. Januari mwaka ule jeshi liliasi. Baada ya maasi kuzimwa, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu cha wafanyakazi nchi nzima: NUTA. Mwaka huo huo chama hicho kikaunda bendi. Najua tumezoea kusimulia habari za NUTA Jazz kama habari za starehe, lakini tazama tarehe. Bendi ilizaliwa pamoja na chombo ambacho serikali ilikitumia kuwaweka wafanyakazi wote chini ya paa moja. Ilikuwa sauti tamu ya jambo zito.

Kwa wanamuziki wenyewe, hata hivyo, ilikuwa neema. Kabla ya hapo bendi ilikuwa klabu ya marafiki: mnachanga, mnanunua gitaa, mmoja akiondoka na chombo chake bendi inalala. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyezaliwa Masaki kule Kisarawe mwaka 1940, alikuwa amepita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kuingia NUTA mwaka ule wa 1964. Sasa akawa mwajiriwa, na mshahara wa mwezi. Vyombo ni vya chama. Na vyombo vya kupuliza ndivyo vilivyohitaji tajiri kuliko vyote, kwa sababu gitaa fundi wa mtaani anaweza kulichonga, lakini saksafoni hakuna fundi seremala atakayekutengenezea. Lazima itoke nje, kwa fedha za kigeni, na hata kile kipande cha mwanzi kinachowekwa mdomoni kinachakaa na kutaka kingine kutoka huko huko.

Ndiyo maana ukitazama orodha ya bendi za miaka ya 1960 na 1970 zilizokuwa na safu nene ya upulizaji, unaona ni kama orodha ya ofisi za umma. Polisi Jazz. Bendi za JWTZ, JKT na Magereza. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, baadaye CCM. Baadaye tena Bima Lee ya Shirika la Bima, na Tancut Almasi ya kiwanda cha kukata almasi Iringa. Mwajiri alipewa kitu cha kujivunia, mwanamuziki alipewa mshahara na mdomo wa bata. Sikubaliani na wanaosema serikali iliua muziki kwa kuukumbatia. Bila hiyo mikono, safu zile tusingekuwa nazo kabisa.

Na zilifanya nini? Msikilize NUTA au JUWATA wa zamani kwa makini, usisikilize mwimbaji. Wimbo wa dansi wa Kitanzania una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, taratibu, kisa kinasimuliwa: mke kaondoka, ndugu wamemgeuka, fedha imeisha. Kila ubeti ukiisha, wapulizaji wanaingia na kijisentensi chao kifupi, kama wazee wanaoitikia “enhe” mtu anaposimulia. Halafu linakuja chemko. Mwimbaji anakaa pembeni, magitaa yanasukana, na matarumbeta na saksafoni zinapiga kiitikio kile kile mara nyingi mpaka miguu ya watu inakata shauri yenyewe. Kwenye safu ya NUTA walikuwemo watu kama Joseph Lusungu na Mnenge Ramadhani, ambao walidumu humo kwa miaka mingi mno. Ukimtaja Gurumo au Bitchuka kila mtu anaitika. Ukimtaja Mnenge, wengi wanauliza ni nani, wakati kiitikio chake wanaweza kukiimba kwa mdomo bila kukosea.

Viitikio vile kwa kawaida hupangwa mazoezini kwa sikio. Hakuna karatasi. Hapa ndipo ninapowaonea wivu Raschèr na karatasi zao 300.

Hapa Issuna sauti ile ilifika kwa redio. Bendi kutoka Dar es Salaam kufika barabara hii ya Manyoni kwenda Singida ilikuwa jambo la nadra, lakini RTD ilikuwepo kila siku. Babu yangu anasema redio moja ilihudumia kaya nyingi, na betri zikichoka zinaanikwa juani zipate uhai kidogo mpaka kipindi cha salamu kiishe. Yeye hajawahi kuona saksafoni kwa macho hadi leo. Nilimwonyesha picha kwenye simu akacheka sana, akasema alidhani ni kitu kirefu kilichonyooka, kama bomba. Lakini nilipomwekea wimbo mmoja wa JUWATA aliniambia mpulizaji anaingia wapi kabla hajaingia. Miaka zaidi ya 40 ameubeba ule wimbo kichwani.

Redio ilikuwa baraka na mtego pia. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, njia ile ikawa ngumu, na studio ya RTD ikabaki ndiyo mahali pa kurekodi. Bendi inaingia, inapiga, inalipwa kidogo, mkanda unabaki redioni. Kisha kaseti zikaanza kunakiliwa mitaani na kila mwenye deki mbili. Sheria ya hakimiliki tunayoitumia sasa ni ya mwaka 1999, na COSOTA ikaja baada ya hapo. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 1964.

Sasa majina. Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM, jumuiya zikapangwa upya, NUTA ikawa JUWATA. Bendi ikabadilishiwa jina kama gari la ofisi linavyobadilishiwa maandishi mlangoni. Wapigaji wale wale, matarumbeta yale yale. Mwaka 1991, mageuzi ya siasa yakiwa njiani, JUWATA ikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Na vyama vya wafanyakazi vilipoendelea kugawanyika na kujipanga upya, bendi ikabaki na jina ambalo washabiki walikuwa wakilitumia siku zote kwa mtindo wake: Msondo, jina la ngoma ndefu ya jadi. Nimeandika mstari huu mara tatu nikitafuta namna ya kuusema bila hasira: jina pekee ambalo halikutoka kwa bosi ndilo lililobaki.

Si kwamba wanamuziki walikaa tu wakisubiri kubatizwa. Waliondoka, tena kwa vishindo. Mwaka 1978 kampuni ya umma ya usafiri na teksi, TTTS, iliunda bendi kwenye baa ya Mlimani Park, na Gurumo na Hassan Bitchuka wakahama kutoka JUWATA kwenda huko, mpiga gitaa Abel Balthazar akiwa nao. Ndiyo Sikinde hiyo. Kiongozi akawa Michael Enoch, King Enoch, mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz wa miaka ya 1960 ambaye alijua vyombo vingi, saksafoni ikiwemo, na akawafundisha wengi mpaka akaitwa Ticha. Mwaka 1983 mwenye bendi akabadilika tena, ikawa mali ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam lililokuwa pia na kumbi za starehe. Mwenye bia ndiye mwenye bendi. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua wapigaji sita muhimu wa Mlimani, Gurumo na Balthazar wakiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound. Baadaye Gurumo akarudi Msondo.

Tazama kinachohama na kisichohama. Sauti ya mwimbaji inahama naye, ipo kooni. Vidole vya mpiga gitaa vinahama. Mpulizaji akihama anaacha mdomo wa bata juu ya meza, ni mali ya ofisi, unaandikiwa daftari. Huko aendako lazima kuwe na bosi mwingine aliyenunua wake. Kwa hiyo katika bendi yetu mpulizaji ndiye alikuwa mwajiriwa kuliko wote. Hawa Raschèr nilioanza nao kila mmoja ana chombo chake na jina ni lao wenyewe. Hakuna chama kitakachobadilisha jina la kundi kwa sababu uchaguzi umepita.

Halafu mashirika yenyewe yakaanza kuanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 viwanda na mashirika ya umma yalifungwa au kuuzwa, na mengi ya yale majina niliyoyaorodhesha juu yakafa na bendi zake. Waliokuja na dansi jipya wengi walianza na kinanda cha umeme. Kibonyezo kimoja kinatoa tarumbeta, kingine saksafoni, na hakidai mshahara wala nauli ya usiku. Sauti yenyewe, samahani kwa wapenzi wa vinanda, ni kama supu ya unga. Msondo na Sikinde wakabaki na midomo ya bata, wakipambana wao kwa wao kwenye kumbi za Dar, washabiki wakitambiana kama Simba na Yanga. Si mnaona? Marini na Arinoti, miaka mia moja baadaye.

TX Moshi William, aliyeibeba Msondo kwa sauti yake, alifariki mwaka 2006. King Enoch naye amefariki. Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya miaka zaidi ya 50 ya muziki, na taifa likashtuka kusikia mzee yule hana hata gari. Mwaka huo huo Diamond Platnumz akamzawadia moja. Watu walipiga makofi, na mimi pia nilipoisoma habari hiyo nilifurahi. Ila fikiria kidogo: nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni tangu kabla Diamond hajazaliwa, na gari lilitoka kwenye mfuko wa kijana aliyemheshimu, halikutoka kwenye nyimbo. Alifariki tarehe 13 Aprili 2014. Na huyo ni Gurumo, jina kubwa. Wa nyuma yake kwenye mstari, aliyekuwa akiingia na kijisentensi chake kila ubeti ukiisha, tumhesabie nini?

Darasani kwangu wiki hii tulikuwa na mada ya nchi zetu baada ya uhuru, na kitabu kinataja NUTA kwa mstari mmoja, kama chama. Nikawapigia wanafunzi wimbo kwenye simu, nimeiweka ndani ya ndoo tupu ili sauti ikue. Nikawaambia wanyooshe mkono kila wanaposikia mdomo wa bata. Mara mbili za kwanza walichanganya na tarumbeta. Mara ya tatu mikono ikapanda pamoja, safu nzima. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kama yule anayepuliza bado yuko hai na kama tunaweza kumwandikia barua. Nimempa kazi hiyo hiyo: aandike, aipeleke Msondo Ngoma, Dar es Salaam. Posta Singida nitaipeleka mwenyewe Jumamosi nikienda kuangalia kama bumu limeingia.

Na nyie wa Sikinde msinirushie mawe, najua nimewapitia haraka. Yenu inakuja, manake Mlimani Park peke yake inataka ukurasa mzima.